Udongo wa Kituntu Waenda Wapi?

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona makala ya mikondo ya maji, chumvi na mashapo ikianzia mahali pasipokuwa na pwani. Kituntu ni kata ya wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, kaskazini-magharibi kabisa mwa nchi yetu. Bahari ya Hindi iko karibu kilomita elfu moja kutoka huko, na hata Ziwa Victoria huna budi kulifuata kwa safari ya gari. Walakini, mtu anayetaka kuelewa kwa nini maji ya ziwa yamebadilika rangi, na kwa nini samaki wanaouzwa sokoni kwenu si wale aliowajua babu yako, atapoteza wakati wake iwapo ataishia ufukweni Mwanza au Bukoba. Inampasa apande milima.

Basi tupande pamoja. Ukitoka Bukoba utafuata barabara ya Mutukula hadi Kyaka, na hapo utaukuta mto Kagera. Daraja la hapo lina historia yake: mwezi wa Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalilibomoa yalipovamia ardhi yetu, na majeshi yetu yalilazimika kutafuta njia nyingine ya kuuvuka mto. Wasafiri wengi hulikumbuka jambo hilo wakishafika darajani, nao hufanya vema. Ila ukipata nafasi, tazama chini pia. Utaona mto mpana, wa kimya, wenye rangi ya chai iliyotiwa maziwa. Siku za mvua rangi hiyo huzidi kukoza. Maji yenyewe hayana rangi. Kinachokupita hapo ni mashamba ya watu.

Kutoka Kyaka barabara ya lami yaelekea Bugene, nayo nchi huanza kujikunja kuwa matuta marefu yenye mabonde kati yake. Matuta hayo ni ya miamba ya kale mno, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni elfu moja, na wanajiolojia wameyapa jina la Karagwe-Ankole, kwa kuwa yanaendelea hadi ng'ambo ya mpaka, Uganda. Miamba hiyo ikioza kwa jua na mvua hutoa udongo mwekundu, ambao ukikauka huwa vumbi na ukilowa hunata viatuni. Hiyo ndiyo nchi ya Kituntu: migomba na kahawa karibu na nyumba, maharage na mahindi kwenye miteremko, nyasi za malisho juu ya vilima.

Msafiri wa Kiingereza John Hanning Speke alipofika Karagwe mwishoni mwa 1861 na kukaa kwa Mfalme Rumanyika, alikuwa akitafuta chanzo cha mto Nile. Stanley naye alifika mwaka 1876, akaipa Kagera jina la malkia mtarajiwa wa Uingereza, jina ambalo halikudumu. Baadaye wakaja Baumann, Kandt na Waldecker, kila mmoja akifuata kijito chake hadi Burundi au Rwanda. Mimi nadhani swali lao lilikuwa nusu ya swali tu. Wote waliuliza maji yanatoka wapi. Mkulima wa Kituntu ana haki ya kuuliza upande wa pili: udongo wangu unakwenda wapi?

Hebu tuufuate udongo huo. Mvua kubwa ya masika ikinyesha juu ya shamba la mteremko lililolimwa karibuni na kuachwa wazi, kila tone hupiga ardhi kama nyundo ndogo. Chembe za udongo hutawanyika, zikaziba vitundu ambavyo maji yangepenya, na maji yasipoweza kupenya huanza kutelemka juu juu. Kwanza huwa utando mwembamba usioonekana. Kisha huwa michirizi, michirizi huwa vijito, na vijito hukimbilia bondeni. Vijito vyote vya Karagwe, viwe vimepita mto mdogo au ziwa dogo, mwisho wake ni Kagera.

Hapo huanza kazi ambayo wataalamu wa mashapo wanaifahamu vizuri, nawe waweza kuiona kwa macho yako bila maabara. Chukua chupa, ijaze maji ya mfereji siku ya mvua, itikise, kisha iache mezani. Katika muda mfupi mchanga utakuwa umetua chini. Baadaye utatua udongo laini zaidi. Lakini ufinyanzi, zile chembe ndogo kuliko zote, utaendelea kuning'inia majini siku mbili, tatu, au zaidi. Mto hufanya vivyo hivyo. Penye kasi hubeba vyote. Penye utulivu huacha mchanga kwanza. Ndiyo sababu mchanga wa Karagwe hauendi mbali, bali ufinyanzi, ambao ndio uliobeba rutuba, ndio unaosafiri hadi mwisho wa safari.

Hata hivyo, mto una walinzi wake. Kutoka Rusumo, mahali ambapo Kagera huporomoka mpakani mwa Tanzania na Rwanda, mto huenda kaskazini ukipita katikati ya maziwa madogo mengi na mabwawa mapana ya mafunjo. Mafunjo hayo hupunguza mwendo wa maji, na tope likipunguziwa mwendo hutua. Mtu anayekausha bwawa ili apande viazi hupata viazi, sikatai. Lakini amevunja chujio ambalo hakuna serikali iwezayo kulijenga upya kwa saruji. Kisha mto hupinda kuelekea mashariki, ukawa mpaka wetu na Uganda kwa kitambo, ukaingia ndani ya nchi yetu na kupita Kyaka, na hatimaye ukavuka tena mpaka na kumwagikia ziwani upande wa Uganda, kaskazini kidogo tu ya Tanzania. Bonde lote la mto huu lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 60,000, nalo limegawanywa kati ya Burundi, Rwanda, Tanzania na Uganda. Hakuna mto mwingine unaoingiza maji mengi zaidi katika Ziwa Victoria.

Je, ukishaingia ziwani, udongo unaelekea wapi? Hapa, ndugu msomaji, sina budi kueleza jambo zito, kwa maana hakuna chombo cha kitaalamu kilichowahi kuonyesha mkondo huo waziwazi kuliko msiba. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, miili ya waliouawa ilitupwa mitoni. Ilipita Rusumo, ikapita mabwawa yote niliyoyataja, ikafika ziwani. Wavuvi na wanavijiji wa Uganda waliiopoa mmoja mmoja na kuizika, zaidi ya miili 10,000. Makaburi yao makubwa yako mahali patatu: Kasensero, karibu na mdomo wa mto, Lambu, mbele yake, na Ggolo, mbali zaidi, upande wa Mpigi. Patatu pote ni kaskazini ya mdomo huo. Watu wengi waliacha kula samaki kwa miezi kadhaa. Waliohifadhi makaburi hayo walitaka kuwakumbuka marehemu, nao wametimiza wajibu wao. Lakini kila anayeitazama ramani ataona pia njia ambayo maji ya Kagera huifuata.

Njia hiyo ina sababu. Ziwa halina kupwa na kujaa kama bahari ya Tanga au Zanzibar, kwa kuwa mvuto wa mwezi juu yake ni mdogo mno kuonekana. Bwana mkubwa wa ziwa ni upepo. Kuanzia Juni hadi Agosti pepo kavu za kusini-mashariki huvuma kwa nguvu na kuyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Wakati huohuo hupoza ziwa, na maji yaliyopoa huwa mazito, yakazama, hata ziwa zima likachanganyika kutoka juu hadi chini. Pepo zikitulia, jua hupasha maji ya juu, nayo huelea juu ya maji baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Mtaalamu G. R. Fish, katika makala ya mwaka 1957, alieleza kwamba tabaka hizo mbili huyumba pamoja, huku zikiinuka upande mmoja na kushuka upande mwingine, mfano wa maji ndani ya beseni lililotikiswa. Miaka michache baadaye, 1960 na 1961, Jack Talling alipima joto, oksijeni na mimea midogo ya majini mwezi baada ya mwezi. Wote wawili walifanya kazi kupitia kituo cha utafiti cha Afrika Mashariki kilichokuwa Jinja.

Kituo hicho kilikuwa mali yetu sote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, utafiti ukagawanywa katika nchi tatu; sisi tukaunda taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, mwaka 1980. Makaratasi na boti viligawanyika. Ziwa halikugawanyika, wala upepo haukuomba kibali cha kuvuka mpaka.

Thamani ya vipimo vya Talling ilionekana miaka thelathini baadaye. Watafiti kama Robert Hecky, na Rose Mugidde wa Uganda, walirudia vipimo hivyo mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakaona kwamba ziwa si lile. Mimea midogo ya kijani ilikuwa imeongezeka mara nyingi. Kilindini, oksijeni ilikuwa inakosekana kwa muda mrefu wa mwaka. Kuna kipimo kimoja chepesi ambacho hata mtoto anaweza kukielewa: ni sahani iteremshwayo majini kwa kamba hadi isipoonekana tena. Padri Mwitaliano, Angelo Secchi, aliijaribu katika bahari ya Mediterania mwaka 1865, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Miaka ya 1920, katika maji ya mbali na ufuko wa Ziwa Victoria, sahani hiyo ilionekana hata ikishuka zaidi ya mita 5. Miaka ya 1990 ilikuwa ikipotea kabla ya mita 3.

Giza hilo limewadhuru viumbe ambao hawana habari na Kituntu. Katika ghuba ya Mwanza kuna samaki wadogo waitwao furu, wa jinsi nyingi mno. Jike wa furu humchagua dume kwa rangi: wengine hupenda wekundu, wengine hupenda wa buluu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha uchunguzi walioufanya huko kwetu, wakaonyesha kwamba maji yakitiwa ukungu rangi hazionekani sawasawa, majike hukosea, na jinsi mbili zilizokuwa mbali huchanganyika hadi zikawa moja. Sangara, ambaye aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, ndiye alaumiwaye kwa kuwamaliza furu, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini hakuwa peke yake. Mwingine alikuwa maji yaliyochafuka.

Sasa turudi kwenye chumvi, maana hapo pana jambo la kushangaza. Lita moja ya maji ya Bahari ya Hindi ina karibu gramu 35 za chumvi. Lita ya maji ya Ziwa Victoria ina yapata sehemu moja ya kumi ya gramu moja. Hiyo ni kwa sababu kiasi cha sehemu nne katika tano za maji yaingiayo ziwani si maji ya mito, bali ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, na mvua haina chumvi ya kutajwa. Sehemu kubwa ya maji hayo hurudi tena hewani kwa jua. Kinachobaki hutoka Jinja kwa mto Nile, kikachukua na chumvi yake. Maziwa yetu yasiyo na mlango wa kutokea, kama Natron na Eyasi, hayana bahati hiyo: jua huchukua maji na kuacha magadi.

Kwa kuwa linategemea mvua namna hiyo, ziwa ni dhaifu kuliko lionekanavyo. Kina chake kirefu kabisa ni kama mita 80 tu. Kati ya mwaka 1961 na 1964 lilipanda karibu mita mbili na nusu kwa mvua za miaka michache, na mwezi wa Mei 2020 likafikia tena kimo hicho, likaingia ndani ya nyumba za watu. Na limewahi pia kukauka. Mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake walieleza walichokiona baada ya kuzamisha mabomba katika tope la sakafu ya ziwa na kuyatoa yakiwa yamejaa mashapo, tabaka juu ya tabaka. Chini ya tope laini la ziwa walikuta udongo mgumu wa nchi kavu, wenye dalili za nyasi zilizoota hapo. Kwa hesabu za sasa, kiasi cha miaka 15,000 hadi 17,000 iliyopita mtu angaliweza kutembea kwa miguu mahali zinapopita meli leo. Mashapo ni daftari, na kila mvua ya Kituntu huongeza mstari mwembamba katika ukurasa wa juu.

Ningependa kukuambia kwamba lawama yote ni ya udongo wa mito, maana makala ingekuwa nyepesi kuandika. Sivyo. Chakula kikuu kinachonenepesha ile mimea ya kijani ni fosforasi, na mwaka 2005 Mtanzania Rashid Tamatamah pamoja na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi iingiayo ziwani hupitia hewani, ndani ya vumbi na moshi, kisha huangushwa na mvua au hutua yenyewe. Tafakari maana yake. Mchungaji anayechoma nyasi za kilima mwezi wa Agosti ili majani mabichi yachipue mapema anaona moshi unapanda na kutoweka, naye hudhani umekwisha. Haukwisha. Mbolea ya kilima chake imepanda ndege. Ikishuka ziwani haitarudi tena kwake.

Hapa ndipo lilipo jambo la kweli kwa mwenye shamba. Watu wa mjini tumezoea kuambiwa kwamba uhifadhi wa ziwa ni kwa ajili ya samaki, ama kwa ajili ya watalii. Mkulima wa Kituntu hana meli, na pengine hajawahi kula sangara. Kwake hasara ni ya nyumbani: ufinyanzi ule usiotua chupani ndio uliokuwa unakamata mbolea ya maharage yake. Unapofika ziwani umekuwa uchafu, na pale ulipotoka umeacha changarawe. Ni mali ileile, iliyopotea mara mbili.

Nao wazee wa mkoa huu walilijua jambo hilo kabla ya watafiti wote niliowataja. Uende kwenye kibanja, yaani lile shamba la migomba lizungukalo nyumba, wakati mvua inanyesha. Chini ya migomba kumetandikwa majani makavu ya mgomba wenyewe, na nyasi zilizokatwa vilimani zikaletwa kwa kichwa. Tone la mvua likishuka kwanza hukutana na jani pana la mgomba, kisha hukutana na tandiko hilo, na likifika ardhini halina tena nguvu ya nyundo. Maji hupenya taratibu. Vizazi kwa vizazi wanawake na wanaume wa Karagwe na Bukoba wamehamisha rutuba ya vilima na kuiweka penye migomba, wakajenga udongo mweusi mahali palipokuwa na udongo mwekundu. Shida ya siku hizi ni kwamba vibanja vimegawanywa kwa watoto hata vikawa vidogo, ng'ombe wa kutoa samadi wamepungua katika nyumba nyingi, na mahindi na maharage yamepanda hadi kwenye miteremko mikali ambako hakuna tandiko lolote.

Kati ya 2010 na 2015 ulikuwako mradi wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa katika nchi zote nne za bonde la Kagera, ambao uliwahimiza wakulima kuchimba makinga maji, kupanda nyasi kandokando ya matuta na kutandaza majani shambani. Miradi huja na kuondoka. Tuta lililochimbwa kwa kufuata usawa wa mlima, likapandwa majani ya ng'ombe, hubaki kwa sababu mwenyewe hufaidika nalo kila wiki, anapokata majani hayo kumpa ng'ombe wake.

Ukifika Kituntu wakati wa masika, ndugu msomaji, beba chupa mbili tupu. Chupa ya kwanza ijaze maji yanayotoka chini ya kibanja kilichotandikwa. Huenda ikakubidi kungoja sana, kwani yatokayo ni machache. Ya pili ijaze kwenye mfereji wa shamba la mteremko lililo wazi. Hiyo itajaa kabla hujafunga mwavuli. Ziweke dirishani mwa nyumba ya wageni ulale. Asubuhi ya kwanza utaweza kusoma gazeti kupitia ile ya kibanja. Ile nyingine bado itakuwa nyekundu, na mvua ikiwa imekatika utausikia mto wa bondeni ukiendelea na safari yake kuelekea Kyaka.